Re: Vim inaganda, kisha .vimrc inaharibika

Ndugu, unasema Vim, programu ya kuhariri maandishi, inaganda na faili lake la mipangilio, .vimrc, linaharibika; usiiondoe bado. Kama inaganda kila ukitaka kuhifadhi, karibu hakika unabonyeza Ctrl+S. Kwenye terminali ya Linux (dirisha la kuandikia amri) mara nyingi kitufe hicho hakihifadhi, kinasimamisha skrini tu. Bonyeza Ctrl+Q, itaendelea.

Kinachoharibu .vimrc ni vile vitufe unavyobonyezabonyeza skrini ikiwa imesimama. Havipotei, vinakaa foleni na baadaye vinatekelezwa vyote. Ukibonyeza dd mara moja tu, mstari mzima unafutwa! Basi ikizinduka, kagua faili kwanza, bonyeza u kutengua mabadiliko, ndipo uandike :w kuhifadhi.

Ili Ctrl+S isisimamishe skrini tena, ongeza amri stty -ixon kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya terminali. Kama ulifunga dirisha kwa nguvu, tafadhali usifute .vimrc.swp, faili la muda lenye kazi ambayo hukuhifadhi, kabla ya kujaribu kuirejesha kwa vim -r .vimrc. Ikiganda hata bila Ctrl+S, ifungue kwa vim --clean, yaani bila mipangilio yako. Ikitulia, tatizo limo kwenye mipangilio yako.