Mchele Uliosafiri Usiupime kwa Kuangalia Mdomo wa Gunia

Katika mwaka wa pili wa biashara yangu ya nafaka hapa Igoma, Mwanza, nilinunua magunia ya mchele yaliyotoka Sengerema baada ya kuchota kiganja kimoja juu ya kila gunia na kuona punje nzima tupu. Wiki moja baadaye mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alirudisha kilo tano nilizompimia kutoka chini ya gunia, na karibu nusu yake ilikuwa chenga. Nilimrudishia fedha zake, huku moyoni nikimlaumu mkulima kwamba alificha chenga chini kwa makusudi. Nilimkosea mkulima yule, kwani chenga zilishushwa na barabara.

Sukari huenea ndani ya chai hata usipokoroga, kwa sababu joto linazisukuma chembe zake bila kukoma. Punje ya mchele ni kubwa mno kusogezwa na joto, hivyo isipotikiswa hukaa pale pale ilipolala. Lori linaporukaruka kwenye mashimo, kila punje hugongana na jirani zake walioizunguka kama kizimba, bila kutoka, mpaka mtikisiko mmoja ufungue mwanya. Mwanya huo mara nyingi ni mwembamba, kwa hiyo kinachopenya ni chenga, na ikishapita chini ya punje nzima ni vigumu kupanda tena.

Chukua kopo la plastiki linaloonesha ndani, weka haragwe moja chini, mimina mchele juu yake bila kulijaza kabisa, kisha uligongegonge mezani. Taratibu haragwe litapanda. Mwaka 1993 watafiti wa Chicago walionesha kwamba chombo kikitikiswa juu na chini, punje za katikati hupanda na zinazogusa ukuta hushuka, lakini punje kubwa ikishafika juu hubaki huko, kwa kuwa njia ya kushukia kando ya ukuta ni nyembamba kuliko yenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, dunga bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, juu, ubavuni na chini kabisa kabla ya kukubaliana bei. Gunia likifika dukani, limwage lote kwenye turubai na uchanganye kwa koleo. Kulitikisa ukidhani litachanganyika ni kuzidi kuzitenga punje. Nawe unayepakia, shindilia vizuri na ushone kwa kubana, maana punje zisizo na nafasi ya kuchezea husogea kidogo sana.

Kuhusu debe, gololi za ukubwa mmoja zikimiminwa tu hujaza takriban asilimia 60 ya chombo, na zikitikiswa hukaribia asilimia 64. Mchele nao hushuka vivyo hivyo, upesi kwa mitikisiko ya mwanzo na polepole sana baadaye. Debe lililogongwa chini mara kadhaa na debe lililomiminwa tu yanaweza kujaa sawasawa machoni, ilhali uzito wake ni tofauti, na ndiyo maana mimi ninauza kwa mizani.