Viungo vikavu vya kitimoto: chumvi ikae nje ya chupa

Yeyote anayetaka kujitengenezea viungo vya kupaka nyama ya nguruwe namwambia jambo moja kabla ya mengine yote: usitie chumvi humo. Vingine vyote changanya, saga, weka kwenye chupa, lakini chumvi ibaki kwenye kopo lake. Pakiti nyingi za dukani huja na chumvi ndani, na ukigeuza nyuma kusoma, mara nyingi utaikuta imetajwa mwanzoni kabisa. Unanunua chumvi kwa bei ya pilipili manga. Tena ukitaka nyama yako inukie zaidi, huna namna ya kuongeza viungo bila kuongeza chumvi.

Chumvi na viungo havifanyi kazi moja. Chumvi inaingia ndani. Ukiinyunyiza juu ya nyama, kwanza inavuta maji nje, uso wote unalowa. Ukiiacha nusu saa au zaidi, yale maji yaliyokwisha kuyeyusha chumvi yanaanza kurudi ndani, na ikilala kwenye friji usiku kucha inakuwa imepenya hasa. Binzari, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), karafuu na wenzake hubaki juu juu hata uvilaze siku mbili. Ndiyo maana mimi hupima chumvi kwa uzito wa nyama, na viungo kwa upana wa uso wake. Kilo mbili za bega ni pande moja nene lenye uso mdogo. Kilo mbili za mbavu ni uso mtupu, na humo mna mifupa isiyohitaji chumvi yoyote. Mchanganyiko mmoja wenye chumvi ukiutumia kote, ama bega litapooza ama mbavu zitakuwa chumvi tupu.

Kipimo changu ni gramu 15 za chumvi kwa kilo moja ya nyama isiyo na mfupa, na gramu 10 kwa kilo ya mbavu. Kama huna mzani mdogo wa jikoni, kijiko cha chai cha chumvi laini, kikisawazishwa kwa kisu, ni gramu 6 hivi, kwa hiyo vijiko viwili na nusu vinatosha kilo nzima. Chumvi ya mawe isage kwanza, la sivyo kijiko kitakudanganya.

Sasa chupa yenyewe. Mimi huanza na vijiko vikubwa vinne vya paprika. Hiyo ndiyo inayoleta rangi na ule utamu wa mbali, na ndiyo inayotawala hata kwa watu wa Memphis, Marekani, ambao wanasifika kwa mbavu zinazoliwa na viungo vikavu tu, bila kumwagiwa sosi. Hapo huongeza vijiko vikubwa viwili vya pilipili manga, viwili vya mbegu za giligilani, kimoja cha binzari nyembamba, kimoja na nusu cha kitunguu saumu cha unga, vijiko viwili vya chai vya tangawizi ya unga, kimoja cha chai cha pilipili kali, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa nusu kidole, na punje nne za karafuu. Nne tu. Karafuu ina mafuta makali, yale yale yanayotia ganzi kwenye fizi, na ikizidi kidogo hutasikia kingine chochote. Wapo wanaoweka iliki pia. Kwenye pilau naipenda sana, kwenye nguruwe naona inakwenda kombo na mafuta yake.

Karibu vyote hivi tunavilima wenyewe, na hilo linanifurahisha kila ninaposaga. Pilipili manga inatoka milima ya Usambara upande wa Muheza, karafuu Unguja na Pemba, tangawizi Same, vitunguu saumu Mbulu. Nunua vikiwa vizima, si unga. Punje nzima ya pilipili manga inatunza harufu muda mrefu sana, lakini ikishasagwa, baada ya miezi michache inabaki ukali bila harufu. Kinachosumbua kupatikana ni paprika. Ukiikosa, chukua pilipili hoho nyekundu zilizoiva kabisa, toa mbegu, kata vipande vyembamba, anika juani chini ya chandarua mpaka vikatike kwa mlio ukivikunja, kisha saga. Kitunguu saumu nacho kinakubali kukaushwa hivyo hivyo. Ila kiwe kikavu kweli kweli: unyevu kidogo tu utaotesha ukungu chupa nzima.

Pilipili manga, giligilani, binzari, mdalasini na karafuu vipitishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili au tatu, huku unakoroga. Harufu ikikufikia usoni, ipua papo hapo na umwage kwenye sahani vipoe, maana vikibaki kwenye kikaango vitaendelea kuungua. Paprika, kitunguu saumu na vingine ambavyo tayari ni unga usivikaange kamwe, vinageuka vichungu kwa haraka ajabu. Saga kwa kinu na mchi au mashine ndogo ya kusagia kahawa. Sipendi unga laini sana. Nataka chenga ndogo zinazoshika kwenye nyama na kutengeneza gamba.

Sukari guru, kama unaipenda, nayo ikae kando. Kwenye oveni ya nyuzi joto 150, kijiko kikubwa kimoja kwa kilo kinaleta gamba zuri, la kahawia iliyokolea. Juu ya mkaa ulio wazi sukari huungua kabla nyama haijaiva ndani, basi hapo iache kabisa.

Kwenye nyama yenyewe, nunua bucha ambako unaona muhuri wa mkaguzi. Angalia nyama kwa makini: ukiona malengelenge madogo meupe, kama punje za mchele au njegere, hayo ni ya minyoo ya tegu, na nyama hiyo haifai hata kidogo, hata ukipunguziwa bei. Tuna mazoea ya kuosha nyama na kuikamulia ndimu kabla ya kupika. Kwa kitimoto ya kukaanga sina neno. Kwa viungo vikavu, nakusihi uache. Uso ukilowa, viungo vinateleza na nyama inachemka badala ya kubanikwa. Ikaushe kwa karatasi za jikoni au kitambaa safi, tia chumvi, ilaze kwenye friji usiku bila kuifunika, kwenye rafu ya chini kabisa isije ikadondokea vyakula vingine. Viungo vipake saa moja kabla ya moto, vijiko vikubwa viwili kwa kilo ya mbavu, kimoja kwa kilo ya bega. Ndimu ina nafasi yake mezani, pamoja na kachumbari na ndizi za kuchoma.

Asiye na oveni atumie jiko la mkaa na sufuria nzito, moto wa juu na chini kama wa kuoka keki: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Mbavu zinataka kama saa mbili na nusu hivyo, bega la kilo mbili saa tatu au zaidi. Kipimajoto cha nyama ni chombo ninachokipigia debe kwa kila mtu. Nyuzi 71 katikati ya pande, nyama imeiva na ni salama. Lakini bega kwa nyuzi hizo bado linavuta kama mpira. Lipeleke mpaka 90 hivi, ndipo ile mishipa migumu inapoyeyuka na nyama kuachana na mfupa yenyewe.

Na chupa isiguswe kamwe na mkono ulioshika nyama. Mimina kiasi unachohitaji kwenye bakuli, funga chupa, iweke mbali na jiko, kisha ndiyo uanze kupaka. Kitakachobaki kwenye bakuli tupa. Hii ni kwa usafi, lakini pia ni kwa heshima. Mchanganyiko huu huu unafaa sana kwa kuku na mbuzi, na sisi kwetu wageni na majirani Waislamu hawakosekani. Mimi huweka chupa mbili kabisa, kila moja na kijiko chake na jina lake, ili nikimwandalia jirani kuku, niweze kumwambia kwa moyo mweupe kwamba viungo vyake havijawahi kukaa karibu na nguruwe.