Kwa Baraka, aliyehamishiwa mezani

Mwanangu Baraka,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelala nalo. Umeuliza nilifanyaje nilipotolewa kwenye malori nikawekwa ofisini, kwa sababu tangu utoke kikosini Fort Drum kwenda ofisi za Jeshi la Marekani kule Fort Knox, Kentucky, unajiona kama mtu aliyestaafishwa bila hata kuagwa. Watu wakisikia Fort Knox wanafikiria dhahabu ya serikali. Wewe umekuta mafaili.

Kujisikia hivyo si uvivu, wala si ugonjwa. Kikosini mlikuwa mnaamka pamoja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mko mazoezini, mnajua nani kagombana na mkewe, nani anadaiwa, nani halengi shabaha mpaka avute sigara. Mimi nikiendesha lori kutoka Camp Arifjan kule Kuwait kuingia Iraq, sikuhitaji kuelezwa kazi yangu ni ya nini. Mzigo ulifika au haukufika. Nilipoletwa Alexandria, Virginia, kwenye kamandi hiyo hiyo ya watumishi wa jeshi uliyopo, kabla haijahamishiwa Kentucky, kilichonitesa hakikuwa kiti. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, kila mtu akichukua funguo zake na kwenda zake, na hakuna aliyejua mwenzake anakula wapi.

Hilo, ofisi haitakurudishia, sitakudanganya. Usilitafute pale. Mimi nilijiunga na kwaya ya kanisa la Wakenya, nikapata watu wa kunigombeza nikichelewa. Ilinitosha.

Halafu kuna raia mnaofanya nao kazi. Huyo mama unayesema anakujibu kwa mkato yuko hapo tangu wewe ungali shule ya msingi. Hana cheo begani, huwezi kumwamuru, na kanuni unayoihangaikia kwenye kompyuta yeye anayo kichwani. Msalimie kwanza kila asubuhi, kisha muulize. Na usimwambie "kule kikosini tulikuwa tunafanya hivi", hata kama ni kweli. Kila askari anayeletwa hapo huanza hivyo, na wamechoka.

Sasa hizo karatasi unazozidharau. Chukua fomu moja tu, DD 93, ile ambayo askari huandika watu wake wa kuarifiwa akipatwa na jambo. Kijana wa miaka 19 anaijaza akiwa na usingizi, anaandika anwani ya nyumba ambayo mama yake alishahama, kwa kuwa ndiyo aliyoikariri. Miaka inapita. Siku akifa, karatasi hiyo ndiyo inayowaelekeza askari wawili wenye sare rasmi wakagonge mlango upi. Hiyo hiyo ndiyo inayotaja nani apokee zile dola 100,000 ambazo serikali huwapa wafiwa. Bima ya maisha ya askari nayo, ambayo tangu 2023 inafika dola 500,000, inamfuata aliyeandikwa, si aliyeolewa. Nimeshika faili la askari aliyeacha mjane na watoto, na jina lililokuwemo ni la mke aliyeachana naye zamani. Sheria haikuvunjwa na mtu yeyote. Ni karani mmoja tu kikosini hakumsumbua yule askari airudie fomu yake.

Ugumu wenyewe ndio huo, Baraka. Kule ulimwona unayemsaidia. Hapo unaona jina na namba, na ukiifanya kazi sawasawa hakuna kinachotokea. Hakuna atakayepiga simu kukushukuru kwamba mjane amelipwa bila kuhangaishwa. Thamani yake huonekana karatasi zikikosekana. Waulize wazee waliopigana Vita vya Pili vya Dunia: moto wa Julai 1973 kule St. Louis uliteketeza mafaili ya waliowahi kuwa jeshini, kati ya milioni 16 na 18, na wengi wao wakabaki wakihangaika kuthibitisha kwamba waliwahi kuvaa hizo sare.

Jengo unaloingia kila siku lina jina la Luteni Jenerali Timothy Maude. Sijui kama mmeambiwa ni nani. Alikuwa mkuu wa masuala ya watumishi katika Jeshi la Nchi Kavu, yaani kazi kama yako, ila juu kabisa. Aliuawa Pentagon tarehe 11 Septemba 2001, na hakuna askari wa cheo cha juu kuliko chake aliyekufa siku ile. Wakikutania kwamba ofisini ni mahali pa waoga, waonyeshe kibao cha mlangoni.

Nyumbani, punguza amri. Mkeo alilea watoto peke yake ulipokuwa Iraq na ana utaratibu wake. Ukirudi mapema, uliza ufanye nini, usikague.

Na katika kuongea naye nimegundua kwamba jina lililo kwenye bima yako bado ni langu, uliloandika kabla hujaoa. Mimi nina pensheni yangu. Uko kwenye ofisi yenyewe, mwanangu! Badilisha wiki hii, bima na DD 93 zote mbili, kisha unipigie.

Mama