Gandalf si binadamu aliyesomea uchawi

Mdogo wangu wa Nachingwea, dhana yako kwamba Gandalf, mchawi wa riwaya ya The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, ni binadamu aliyesomea uchawi na kurefusha umri wake kwa pete ya moto haisimami. Yeye ni mmoja wa Maiar, roho zilizokuwapo kabla ya ulimwengu, na alitumwa pamoja na wachawi wengine wanne katika umbo la mzee, huku akikatazwa kushindana nguvu kwa nguvu na Sauron, adui mkuu wa hadithi hiyo. Pete hiyo ya moto, iitwayo Narya, alipewa na Círdan, Elf mwenye bandari, baada ya kuwasili.

Hapa Mtwara, aliyewahi kutazama ngoma ya mapiko ataelewa haraka: kinyago cha mzee kinacheza, lakini aliye ndani huenda ni kijana. Mfano huo, hata hivyo, unapwaya mahali pamoja, kwa sababu kinyago huvuliwa ngoma ikiisha, ilhali mwili wa Gandalf ulikuwa mwili kweli, wenye kuona njaa, kuchoka na kufa. Ndiyo maana baada ya pambano na Balrog, zimwi la moto, lililoanzia darajani Moria, mji wa chini ya milima, na kuishia kileleni mwa mlima Zirakzigil, alikufa hasa, kisha akarudishwa uchi pale pale kileleni. Mavazi meupe aliyapata Lothlórien, msitu wa Elf.