Kuzeesha plastiki nyeupe za gitaa

Ndugu, umeuliza kwa nini vitufe vya sauti na kava za pikapu (kifaa cha gitaa kinachonasa sauti ya nyuzi) ulizoloweka kwenye kahawa usiku kucha ili zionekane za zamani bado ni vyeupe. Kahawa na chai hushika vizuri kwenye mfupa na karatasi, lakini plastiki ngumu ya ABS hainywi maji, kwa hiyo rangi inabaki juu juu na kufutika.

Tumia rangi ya nguo za poliesta, ile ya kuyeyushwa kwenye maji moto. Changanya njano na kahawia kidogo sana. Maji yawe moto lakini yasichemke, maana karibu na nyuzi joto 100 za Selsiasi ABS inaanza kulainika na kupinda, na kava iliyopinda hairudi tena. Kabla ya hapo ondoa mng'ao kwa msasa laini, namba 1000 hivi, kisha osha mafuta ya vidole kwa sabuni. Toa kila dakika moja uangalie. Rangi ikizidi huwezi kuirudisha. Na pikapu yenyewe iondoe kwanza, tafadhali, isiguse maji kabisa. Jaribu kwanza upande wa nyuma wa kava.