Bunduki ije mwisho: kwa nyie mnaoanza kufundisha retriva, mbwa wa kumletea mwindaji ndege aliyepigwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kiwanja cha kulengea visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, huku Minnesota, Marekani, nikawaona vijana wawili wa kwetu wamekuja na papi, yaani mtoto wa mbwa, Labrado mweusi, miezi minne hivi, wamemfunga kwenye bampa ya gari hatua kumi tu kutoka kwenye mstari wa kupigia, na mmoja ananiambia kwa furaha kabisa, "kaka, tunamzoesha mlio wa bunduki." Nilimfungua kamba mwenyewe nikampeleka nyuma ya maegesho bila hata kuomba ruhusa vizuri. Wadogo zangu, mnisamehe kwa ukali, ila ningefanya vile vile hata leo. Msimu wa kuwinda bata unafunguliwa mwishoni mwa Septemba, wa fezanti (ndege wa porini wa jamii ya kuku) katikati ya Oktoba, na kila mwaka kipindi hiki naona makosa yaleyale, ndo maana naandika.

1. Anzeni kwenye korido. Papi wa wiki nane hana haja na shamba. Funga milango yote, kunja soksi, irushe, akishaichukua hana pa kwenda zaidi ya kurudi kwako. Mara tatu au nne, basi, acha wakati bado anataka. Nyie mnarusha dami, kile kifaa cha mazoezi anachokimbilia na kukileta, mara ishirini mpaka mtoto anaiacha njiani anaenda kulala, halafu mnasema huyu hana hamu. Hamu alikuwa nayo, mmeimaliza nyie.

2. Lugha iwe moja nyumba nzima. Baba anasema "lete", mama anasema "njoo hapa", watoto wanamwita kwa Kiingereza, mbwa anasimama katikati anawaangalia wote. Mbwa wangu wa sasa, Asali, anajua "kaa", "njoo", "lete" na "bado", na filimbi: moja ndefu kaa, tatu fupi njoo. Wazungu wa kikundi chetu cha mazoezi mwanzoni walishangaa, siku hizi wenyewe wanamwambia "lete, Asali, lete" na analeta. Na hapohapo niseme hili la kwetu: wengi tumekua na mbwa wa kulinda, mchana kafungiwa bandani, usiku kaachiwa, na tunamtaka awe mkali, kwa hiyo tumezoea kumsemesha kwa kufoka. Huyu ni tofauti jamani. Huyu unamtaka abebe ndege mdomoni bila kumtoboa, na akuletee kwa sababu anapenda kuja kwako. Ukimfokea kila anapokuja ataanza kuzunguka na ndege huko mbali, na hutampata.

3. Meno. Kati ya miezi minne na sita anabadilisha, fizi zinauma, msivutane naye kitu, dami ziwe laini, na yale mafunzo ya kumlazimisha kushika yasubiri meno ya ukubwani yatoke yote.

4. Mlio. Hapa mnivumilie, nina deni.

Mbwa wangu wa kwanza anaitwa Kahawa, Labrado wa rangi ya chokoleti, nilimchukua ana siku 49. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena kwa mbwa yeyote, wiki kumi na moja tu alikuwa anachukua bawa la njiwa mwisho wa korido anakuletea mkononi na unyoya hata mmoja haujakunjika. Nikaona huyu yuko tayari kwa lolote. Nilikuwa na miaka miwili Marekani, leseni ninayo, bunduki mpya ya shotigani ninayo, nataka Oktoba ikifika na mimi niingie shambani na mbwa wangu kama wenzangu. Ile haraka ndo iliyotuponza.

Agosti nikampeleka kiwanja cha visahani, nikamfunga kwenye tairi la nyuma la pikapu. Mstarini tulikuwa watano. Mlio wa kwanza akaruka, nikasema atazoea. Wa pili, wa tatu, akaanza kuchimba changarawe chini ya tairi kwa miguu yote miwili ya mbele, kucha zinakwaruza nazisikia mpaka nilipo, mkia umeingia chini ya tumbo, mate yanachuruzika, akajikojolea palepale. Mzee mmoja akaniambia mtoe huyo mbwa. Nikamjibu hapana, nikimtoa sasa atajifunza kwamba akiogopa anaondolewa. Niliyasema hayo kwa kujiamini kabisa, na hakuna mtu aliyenifundisha, nilijitungia tu. Kisha, na hili ndo linaloniuma mpaka leo, nikamfungua nikamleta mstarini, zamu yangu ikafika nikapiga akiwa kati ya miguu yangu, nikidhani akiona ni mimi ninayepiga, mimi anayenipenda, ataelewa hakuna baya. Akanyamaza. Nikafurahi, nikampapasa kichwa, nikamaliza visahani vyangu vyote 25. Kumbe hakuwa ametulia, alikuwa ameganda.

Wiki ileile mke wangu akadondosha mfuniko wa sufuria, Kahawa akaenda kujificha nyuma ya mashine ya kufulia, tukamtoa usiku. Nikitoa begi la bunduki kabatini, zipu haijafunguliwa hata, anaondoka chumbani. Na kibaya kuliko vyote, bawa la njiwa akawa analigeuzia uso, maana siku ile kiwanjani nilikuwa nalo mfukoni. Sikumpa hofu ya bunduki tu, nilimharibia na ndege.

Mi nikaendelea kukataa kuona. Oktoba nikaenda naye magharibi ya jimbo, jogoo wa fezanti akaruka kwenye nyasi, nikapiga, akaanguka, nageuka nimtume Kahawa, hayupo. Nilimkuta chini ya gari, kilomita moja na zaidi, pedi za miguu zimechanika. Yule jogoo sikumrudia, na kumwacha ndege uliyempiga ni aibu nyingine. Nilikaa kwenye udongo nimeingiza mkono chini ya gari karibu saa nzima, simwiti, simvuti, mpaka mwenyewe akaja kunusa vidole.

Baada ya hapo hakuna bunduki mwaka mzima. Njiwa hai tu, taratibu, mpaka akakubali tena kuwakimbiza, halafu bastola ya mlio, ile inayotoa sauti tu bila risasi, mbali sana, na akigeuza sikio tu tunarudi nyuma. Alifika mahali anavumilia mlio wa mbali, basi, hajawahi kuwinda. Sasa ana miaka kumi, kila tarehe 4 Julai wakianza fataki nashuka naye chumba cha chini tunalala huko wawili.

Njia yenyewe wala si ngumu. Kwanza ndege, apende njiwa mpaka akimwona asahau hata jina lake. Ndipo mtu asimame yadi 100 au zaidi na bastola ya mlio, apige mara moja tu mbwa akiwa anamkimbiza ndege, sio akiwa kakaa hana la kufanya. Hajajali? Siku nyingine sogea yadi chache. Kageuka, kapunguza mbio, mkia umeshuka? Siku hiyo imeisha, na mnarudi kwa njiwa bila mlio. Asali ilituchukua wiki sita kufika kwenye shotigani ya geji 20 (geji ni kipimo cha mtutu), na siku aliposikia ile ya kwanza alinyanyua kichwa juu kutafuta kitu gani kinaanguka.

5. Maji. Usimrushe ziwani, ingia naye, pakiwa na vuguvugu. Na Agosti hii maji yakiwa kama yamemwagiwa rangi ya kijani, ule ni mwani wa sumu, mbwa akilamba manyoya tu baada ya kuogelea anaweza kufa siku hiyohiyo. Yaangalieni maji kwanza kabla ya dami.

6. Ambao hamjanunua bado, ombeni vyeti vya afya ya nyonga, viwiko na macho, na kipimo cha ile jeni ya kurithi inayowafanya Labrado waishiwe nguvu miguu ya nyuma baada ya dakika kumi, kumi na tano za kazi nzito. Jeni hiyo ilitangazwa 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota hapahapa kwetu, na kipimo ni cha mate au damu, hakuna sababu ya kukwepa.

7. Kola ya umeme, ile ya shingoni inayomshtua mbwa: asipoijua amri kwa kamba ndefu, hajui bado, na umeme haumfundishi.

Nyie wawili wa Jumamosi, papi wenu hajaharibika, nilimwangalia, mkia ulirudi juu tukiwa maegesho. Wiki hii mwacheni acheze. Jumapili asubuhi nitakuja na njiwa sita na kamba, Asali nitamwacha nyumbani asimzidi mtoto. Bunduki msilete hata kwenye gari.