Fundi Anajibu: Mashine Mbili, Meza Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, nina karakana ndogo ya useremala hapa Kizota, Dodoma. Msumeno wa kukatia pembe na grinda ya kunolea patasi kila kimoja kina meza yake, na nikiingiza mbao ndefu sina pa kugeukia. Nimebakiwa na plaiwudi ya milimita 18, vipande vya mninga na vya paini, pamoja na bomba la maji la inchi moja. Je, naweza kuziweka mashine hizi mahali pamoja bila kununua mbao mpya?
Seremala, Kizota

JIBU: Ndugu Seremala, mabaki hayo yanatosha kwa meza ya kupindua, yaani ubao unaozunguka kati ya mbavu mbili, msumeno ukiwa umefungwa juu na grinda ikining'inia chini, ili ukiihitaji uupindue tu. Ubao wenyewe uwe wa plaiwudi mbili zenye fremu katikati, na bomba lipite humo likiwa mhimili.

Kabla ya kukata chochote, pima nafasi ya mzunguko. Tuseme kilele cha msumeno kiko sentimita 40 kutoka katikati ya bomba, na ubao una kina cha sentimita 50, yaani 25 kila upande. Pembe ya mbali haiko sentimita 40 bali karibu 47, kwa sababu hupimwa kwa mshazari: 40 mara 40, jumlisha 25 mara 25, kisha utafute kipeuo cha pili. Kwa hiyo, bomba likiwa sentimita 82 kutoka sakafuni, rafu ya chini isizidi sentimita 32, nawe utabaki na nafasi ndogo ya usalama. Nyuma usizibe kwa ubao mzima. Kaza mbavu kwa mbao za kukingama chini ya rafu hiyo.

Mbavu zitoke kwenye plaiwudi, na pale bomba linapopita ongeza kipande cha mninga, ambao haunyauki sana hata katika ukame wetu. Paini, hasa ile iliyoletwa kutoka Mafinga kabla haijakauka vizuri, itumie kwenye rafu, kwa maana ikisinyaa kwa upana tundu la mhimili litapoteza umbo na ubao utaanza kucheza.

Mhimili ni wa kuzungushia, si wa kubeba kishindo cha kazi. Toboa mbavu na kingo za ubao, kisha uingize bolti mbili kila upande, mbali na bomba, ili ubao ukae imara. Mashine nazo zifungwe kwa bolti na nati mbili mbili, wala si kwa skrubu za mbao, kwani mtikisiko huzilegeza, na moja itakuwa inaning'inia kichwa chini. Upande mwepesi uongezee kipande cha nondo, la sivyo ubao utakuponyoka mkononi ukiupindua. Waya uchomolewe kwanza, kila mara.

Lipo jambo moja linalonitia shaka katika mpango wako: cheche za grinda na vumbi la mbao havipatani. Fagia meza na sakafu kabla ya kunoa. Na ikiwa karakana haina mlango wa pili wala dirisha kubwa, ningekushauri uifunge grinda kwenye ubao wake wa kubebeka, unolee nje, na nafasi ya chini uifungie mashine nyingine.